Siku Ambayo Thewa Hakuwa na Onyesho

Sehemu ya Sita

Mlionitukana wiki iliyopita, endeleeni, ni haki yangu. Yule aliyeandika kwamba mimi ni mama wa jina tu, namwomba asome ya leo kwanza. Huenda akapata neno kali zaidi.

Kwa aliyechelewa kujiunga: naitwa Bualai, mjane, muuza kuku wa kuchoma pale sokoni Nong Phue. Nimezaa mtoto mmoja, Suthat, fundi wa viyoyozi mjini Khon Kaen. Halafu ninaye mwingine ambaye sikumzaa, Thewa, mwimbaji wa kundi la molam, nyimbo na ngoma za asili za kwetu. Kijana ana sura, ana sauti, na akiniona chini ya jukwaa hupiga magoti na kusema kwenye kipaza sauti, "Mama Bua amefika!" Sisi wanawake tunaomfuata kila anakoimba na kumvika maua shingoni tunaitwa mama walezi. Tupo wengi, na kila mmoja anajiona ndiye wa kwanza.

Niliwaacha pale Suthat aliposimama mlangoni na begi lake, akasema, "Mama, mimi nimetoka tumboni mwako. Huyu wako ametoka kwenye bango."

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamjibu, "Huyo wa kwenye bango akiniita mama, moyo wangu unasikia. Wewe ukiniita, nasikia kwa masikio tu."

Akaondoka. Siku arobaini hatukusemezana.

Basi mwezi wa nne ukaingia bila yeye.

Kundi la Thewa hutoa ratiba ya mwezi mzima mapema, wiki moja kabla. Mimi huibandika ukutani karibu na kioo, halafu mimi na shoga yangu Chansuk, muuza soseji, tunakaa chini kupanga. Onyesho gani tunakwenda, nani analeta mkeka, nani anasuka maua, gari lake lina mafuta au halina. Mwezi ule yalikuwa maonyesho ishirini na nane na sherehe moja. Tarehe kumi na nane peke yake ndiyo iliyoachwa wazi.

"Siku hiyo anafanya nini?" Chansuk akauliza.

"Analala. Hata punda hupumzika."

Albamu mpya nayo ilitoka tarehe mosi. Kwetu albamu haipakuliwi mara moja. Unaipakua kwenye kila simu unayoweza kuishika, maana kila ukipakua, jina la mwanao linapanda kwenye orodha ya redio. Kazi hiyo alikuwa akiifanya Suthat. Alikuwa akipanga simu tano juu ya mkeka: yangu, yake, ya dada yangu, ya jirani, na ya marehemu baba yake, ambayo laini yake hatukuiacha ife.

"Kwani na Baba huko aliko anamshabikia Thewa?" alikuwa akinitania.

"Anamshabikia sana. Bonyeza."

Tulikuwa tukicheka, anabonyeza, nami nampikia wali wa kunata na samaki. Sasa ninapokumbuka, naona mwanangu hakuupenda muziki ule hata kidogo. Alipenda kukaa pale mkekani na mimi.

Mwezi ule nilizipeleka simu dukani. Binti wa duka akanishangaa.

"Mama, albamu moja mara zote hizi ya nini?"

"Ya mapenzi. Fanya kazi yako."

Akafanya. Simu ya marehemu ikakataa kufunguka, ilitaka namba ya siri, na namba hiyo aliijua Suthat peke yake. Nilitamani kumpigia. Nilishika simu yangu, nikalitafuta jina lake, nikaliona. Kiburi kikaniambia, anza wewe uone atakavyokudharau. Nikairudisha simu kwenye mkoba. Chansuk alipakua sita mwezi ule, na alinisimanga nazo mpaka nikamwambia anyamaze.

Tarehe tisa asubuhi nilirudi kutoka onyesho la Roi Et. Nikakuta juu ya meza yangu bakuli la fedha lenye maua.

Jamani, lisikieni vizuri bakuli hili, kwa sababu ndilo lililonimaliza. Jozi tano za maua meupe, jozi tano za mishumaa, vimekunjwa kwenye jani la mgomba. Kwetu bakuli kama hilo lina kazi zaidi ya moja. Mwimbaji huwawekea mizimu ya walimu wake. Na mtoto aliyemkosea mzazi humpelekea mzazi, akapiga magoti, akaomba radhi.

Tarehe kumi na moja Thewa alikuwa na sherehe ya kuwaheshimu walimu wake, na kila mama mlezi alitakiwa kupeleka bakuli. Mimi nilikuwa nimemwomba dada yangu Khamphaeng anitengenezee. Sasa nimeingia ndani, bakuli lile pale. Ningewaza nini?

"Dada yangu huyu ana mikono ya dhahabu," nikasema peke yangu. Nikalifunika kitambaa ili maua yasinyauke.

Sikuyainua yale maua. Sikutazama chini yake kuna nini.

Tarehe kumi na moja nikalibeba kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele ya Thewa, nikamkabidhi. Akalipokea juu ya kichwa chake. "Mama Bua, hili ndilo zuri kuliko yote," akasema. Chansuk alikasirika, mashavu yakamvimba. Siku ile nilijiona malkia.

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kwenye ziara ya sikukuu ya mwaka mpya wa kwetu, ya kumwagiana maji. Siku saba barabarani, kulala garini, kula kwa zamu. Siku ya tatu dada yangu alinipigia.

"Bua, tarehe kumi na nane utakuwepo?"

Nikaitazama ratiba kichwani. Tarehe kumi na nane, wazi. "Nitakuwepo, Dada."

"Kweli? Usije ukatuaibisha."

"Nimesema nitakuwepo. Siku hiyo Thewa hana onyesho."

"Basi vizuri," akasema. "Na bakuli uliliona?"

"Nimelichukua, Dada. Limenifurahisha sana. Asante."

"Mimi unanishukuru nini?" Akacheka, na nikasikia kama analia. "Ngoja nikamwambie. Atafurahi huyu!"

Nilidhani anasema habari ya mpwa wetu mmoja aliyekwenda naye kuchuma maua. Sikuuliza. Nyuma yangu ngoma zilikuwa zimeshaanza, nikakata simu.

Tarehe kumi na saba, baada ya onyesho, ukatokea uvumi. Mama mlezi mmoja wa Surin alikuja mbio akishika khanga yake. "Mnajua kwa nini kesho pameachwa wazi? Anaposa! Kwenye hoteli, Chaiyaphum. Mwanamke ana duka la dhahabu."

Chansuk akanitazama. Mimi nikamtazama. Tulipanda gari.

Ndiyo, nilikumbuka kwamba nilimwambia dada yangu nitakuwepo. Nikajiambia kwamba dada ni dada, atanielewa. Simu yangu ilikuwa imezima tangu jana yake kwa kurekodi nyimbo, na sikujisumbua kuichaji.

Saa tano asubuhi ya tarehe kumi na nane tulikuwa tumekaa ng'ambo ya hoteli ile ya Chaiyaphum, kwenye kibanda cha uji, wanawake wawili wazima wenye miwani ya jua kama wezi. Hakuingia mposaji, hakutoka bibi harusi. Alitoka mfagiaji tu, akatumwagia maji machafu karibu na miguu.

"Bua," Chansuk akasema, "tumekuwa wajinga." Alikuwa anaperuzi simu yake. Ghafla akaruka. "Huyu si Thewa? Yuko hewani sasa hivi!"

Nikamnyang'anya simu.

Alikuwa Thewa kweli. Yuko mbele ya maandamano, jua linawaka, anaimba na kucheza, watu wanapiga makofi. Nyuma yake kijana amebebwa mabegani, amevaa nguo nyeupe, kichwa kimenyolewa, nyusi zimenyolewa. Kijana anaingia utawani.

Wivu ulinishika nusura nidondoke. Kwetu mwana akiingia utawani, hata kwa siku kumi na tano tu, anamlipa mama yake maziwa aliyonyonya. Mama ndiye anayemkata nywele za kwanza. Mama ndiye anayebeba joho la manjano kwenye maandamano. Hakuna siku kubwa kuliko hiyo kwa mwanamke wa kwetu. Na huyu mama, yeyote yule, kapata na Thewa juu yake!

"Nani huyu aliyebahatika hivi?" nikasema. "Kamlipa kiasi gani?"

"Mtazame aliyebeba joho," Chansuk akasema taratibu. "Bua, mtazame vizuri."

Aliyebeba joho alikuwa dada yangu Khamphaeng.

Nikarudisha macho kwa kijana mabegani. Nywele hana, nyusi hana, uso umebaki kama wa mtoto mchanga. Lo! Nilimzaa mimi, nilimnyonyesha mimi, nilimwogesha kwenye karai moja miaka minne, na ilibidi nimtazame mara ya pili ndipo nimjue. Alikuwa Suthat.

Alikuwa anageuza kichwa. Kulia, kushoto, nyuma. Alikuwa anatafuta mtu.

Nikapiga simu ya dada yangu kwa simu ya Chansuk. Kwenye picha nikamwona anahangaika kuipokea na joho mikononi.

"Dada, ni mimi!"

"Uko wapi wewe mwanamke?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekesha. "Tangu jana tunakusubiri! Jana alikaa kwenye kiti saa nzima na mkasi ukiwa mezani, anasema hakati mtu mpaka Mama afike. Nimekata mimi!"

"Dada, mimi sikujua."

"Hukujua? Amekuja kwako mara tatu na bakuli la radhi, kakuta umekwenda kwenye maonyesho yako. Mara ya tatu akaliacha mezani na kadi chini ya maua. Lile uliloniagiza mimi sikuwahi kulitengeneza. Ukaniambia mwenyewe umelichukua! Mtoto alilia kwa furaha, akasema, basi Mama amenipa radhi. Na kadi si umempa Thewa? Kaja nayo hapa asubuhi, anasema umemwalika, kaahirisha mapumziko yake. Kila mtu kafika, Bua. Hata huyo kafika!"

"Waambie wasubiri. Nakuja."

"Babu Mtawa ana vijana wengine wa kuingiza leo hapa hekaluni. Hawezi kusubiri. Uko wapi?"

Nikasema ukweli. "Chaiyaphum."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alikata simu, na kwenye picha nikamwona anainama kwa mwanangu, anamnong'oneza. Suthat akaacha kugeuza kichwa.

Kutoka Chaiyaphum mpaka kwetu ni saa mbili na nusu. Chansuk aliendesha kama kichaa. Njia nzima nilikuwa najipiga kifua. "Nimelibeba mwenyewe," nikawa nasema. "Radhi aliyoomba mwanangu nimeibeba kwa mikono miwili, nikampelekea mwana wa mwenzangu."

"Nani anajua?" Chansuk akauliza.

Nikageukia dirisha.

"Nauliza, nani anajua? Dada yako anadhani ulipokea bakuli, kadi ukampa Thewa. Suthat anadhani hivyo hivyo. Basi iwe hivyo. Gari liliharibika njiani, ukachelewa. Uongo wa kumtuliza mtoto si dhambi."

Nikajipangusa machozi. Nikaona maneno yake yana akili, nami nikayashika.

Tulifika saa nane. Thewa alikuwa ameshaondoka kuwahi onyesho la Udon. Watu walikuwa wanakunja mikeka. Waliponiona wakanipisha kama wanavyompisha mfiwa.

Suthat alikuwa amekaa juu ya jukwaa la hekalu, joho la manjano mwilini, bega moja wazi. Nilikimbia. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono kumkumbatia, dada yangu akanidaka kiunoni.

"Bua! Ni mtawa sasa!"

Mwanamke hamgusi mtawa. Hata mama hamgusi. Jana ningeweza kumshika hata masikio. Leo asubuhi, kabla hajavuka kizingiti, ningeweza. Nilianguka pale chini ya jukwaa, nikamsujudia mara tatu mtoto niliyemfundisha kutembea.

"Umefika, mama muumini," akasema.

Ndivyo watawa wanavyomwita mama. Haikuwa kosa lake. Lakini nilimkumbuka yule wa mlangoni na begi, aliyeniita Mama tu, nami nikamwambia namsikia kwa masikio.

"Gari liliharibika," nikasema. "Mwanangu, Mtukufu, gari liliharibika njiani. Nisamehe."

"Hakuna neno." Alikuwa anatazama chini, kama walivyofundishwa. "Nilipokuwa mle ndani waliniuliza maswali. Wanauliza kama una ugonjwa, kama unadaiwa, kama wewe ni mtu huru. Halafu wanauliza kama wazazi wako wameridhia. Baba hayupo. Nikasema, mama yangu ameridhia."

"Vizuri."

"Nilisema kwa sababu bakuli ulilichukua."

"Nililichukua."

"Mama muumini, ulipoyainua yale maua, ulijisikiaje?"

Hapo ndipo mngenisaidia, wasomaji, mlio hodari wa kunipa ushauri. Dada yangu yuko pembeni. Nusu ya kijiji wako nyuma.

"Nililia," nikasema. "Niliyaweka kifuani, nikalia, nikasema, nimekupa radhi, mwanangu."

Alifumba macho.

"Thewa alikuja kunisujudia kabla hajaondoka," akasema. "Ni kijana mwema, nilimkosea kumsema vibaya. Alinishukuru kwa maua. Aliniambia alipoyainua ndipo alipoiona kadi, imeshikana na nta ya mishumaa, haijafunguliwa."

Dada yangu alitoa sauti kama mtu aliyeungua.

"Suthat," nikasema.

"Sikasiriki. Nilitaka kusikia tu ungesema nini." Sauti yake ilikuwa shwari, na chozi lilikuwa limefika kidevuni, hakulifuta. "Lakini nimesema uongo mbele ya watawa ishirini na mmoja, bila kujua. Siwezi kukaa nao hivyo. Nimeshamwambia Babu Mtawa."

Babu Mtawa alitoka ndani akishikilia fimbo. Ni mkuu wa hekalu letu, mzee wa miaka themanini na tano, ananijua tangu nikiwa nakwenda bila viatu, na hana tabia ya kuzunguka mambo. Aliketi, akapumua, akaniangalia.

"Bualai, mwanao hakuja kwa siku kumi na tano. Umeambiwa?"

"Sijaambiwa, Babu."

"Ameomba kwenda na watawa wa msituni, kule mpakani. Wanaondoka kesho asubuhi. Wale hawana simu, hawapokei wageni, na wengi wao hawarudi. Kijana ana moyo huo. Lakini swali la wazazi lilijibiwa vibaya, na mimi sipeleki mtu msituni na jibu bovu. Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe, mara moja. Ukisema unamridhia, anakwenda. Ukisema humridhii, anavua joho sasa hivi, mnarudi nyumbani pamoja, na hakuna atakayemlaumu."

Nilisikia watu wote wameacha kukunja mikeka.

"Babu," nikasema, "nimpe jibu gani?"

Suthat ndiye aliyejibu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike aliinua uso akanitazama, bila nyusi, macho mekundu, yale yale ya baba yake.

"Usiseme la kunifurahisha," akasema. "Leo nimeshasikia la kunifurahisha. Sema la kweli, basi."

Nikamwona amekaa mkekani kwangu, mikono yangu kichwani mwake, nywele zinaanza kuota. Nikamwona pia msituni, amekonda, anatembea na bakuli la kuombea chakula, na mimi sijui ni mlima gani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nimeujua kwa kuchelewa, mchana ule ule.

"Bualai," Babu Mtawa akasema. "Unamridhia?"

Nikafungua mdomo, na neno lililokuwa mbele kabisa ulimini mwangu lilikuwa hapana. Kama ndilo nililolisema, mtasoma wiki ijayo.